Begi la porini: chagua la kurudia, si la kwendea

Msimu wa uwindaji unapofunguliwa Tanzania mwezi Julai, mazungumzo huwa ni ya vibali, bunduki, magari na nani ameajiriwa kambi gani. Begi hukumbukwa jioni ya mwisho. Mtu anaazima la mtoto wa sekondari, anatoa madaftari, anatia unga, chumvi, kisu na dumu la maji, na safari imeanza. Siku ya pili mikanda imeshakata mabega, zipu imeachia njiani na unga umemwagikia betri za tochi.

Tumeamua kuliandikia begi makala yake kwa sababu wengi mnaotusikiliza mnabeba wenyewe: wafuatiliaji wa nyayo na wapagazi wanaoajiriwa msimu huu, wawindaji wenyeji wenye leseni, na askari wa wanyamapori wa vijiji wanaokwenda doria. Warina asali wa Tabora na Katavi nao wamo, maana pori ni lile lile na mgongo ni ule ule. Wasikilizaji wetu wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, wanaweza kuruka sehemu ya nyama. Mengine yanamfaa hata anayechunga mifugo mbali na nyumbani.

Pima mzigo kwanza

Kabla ya kulitazama begi, hesabu utakachobeba. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hesabu hiyo haina punguzo. Septemba na Oktoba, miti ya miombo ikiwa imepukutisha majani na vijito vimekauka, mtu anayetembea mchana kutwa anahitaji lita 4 au 5, kwa hiyo kilo 4 au 5 zimekwisha kwenda kwenye maji peke yake. Weka unga kilo 2, maharage au dagaa, sufuria ndogo, blanketi, panga, kamba, tochi na dawa. Bila kuongeza anasa yoyote umefika kilo 12.

Sasa fikiria kurudi. Swala pala dume aliyekomaa ana kilo 50 hadi 75 hivi. Ukitoa utumbo, ngozi, kichwa na kwato, kinachobaki ni zaidi kidogo ya nusu. Hata mkigawana watu watatu, kila mmoja ameongezewa kilo 10 au zaidi juu ya alivyokuwa navyo asubuhi. Maji yamepungua, kweli, lakini nguvu nazo zimepungua. Hapa ndipo wengi hukosea: wananunua begi la kwendea na kusahau kwamba watarudi nalo.

Kwa safari ya siku moja hadi tatu, begi la lita 45 hadi 65 linatosha. Kipimo hicho huandikwa kwenye lebo au pembeni mwa begi, na hata kwenye mitumba mengi bado yanacho. Chini ya hapo utaanza kuning'iniza vitu nje, na kila kinachoning'inia porini hunaswa na miiba. Juu ya hapo kuna hatari nyingine: begi kubwa hujazwa. Hatujawahi kumwona mtu mwenye begi la lita 80 akiacha nafasi ndani yake kwa hiari.

Uzito wa kubeba kutwa nzima ni karibu robo ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe kilo 15. Anaweza kubeba zaidi kwa saa moja au mbili, nyama ikishapatikana, lakini si mchana kutwa na si kila siku ya msimu. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambao kubeba ndiyo kazi yao, wana kikomo kinachojulikana cha kilo 20, na mizigo hupimwa getini kwenye mizani. Kwenye kambi za uwindaji mizani hiyo mara nyingi haipo. Anayekupangia mzigo hataubeba yeye, na wazee walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uliza uzito kabla ya kuinama kuunyanyua.

Mzigo ukae nyongani

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya akina mama wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Watafiti walikuta kwamba mama hao wanaweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa hilo. Ni ufundi wa mwendo unaoanza utotoni, na humo mna jambo moja la kujifunza hata kwa mwenye begi: mzigo hautakiwi kuuvuta mwili nyuma. Ukikuvuta, unainama mbele kuushindania, na kuinama huko ndiko kunakochosha kiuno kabla ya miguu.

Begi zuri linaepuka hilo kwa mkanda wa kiunoni. Tunazungumzia mkanda mpana wenye sponji, unaokaa juu ya mifupa ya nyonga na kufungwa kwa klipu mbele ya tumbo, si ule utepe mwembamba wa kuzuia begi lisirukeruke. Ukiukaza vizuri, sehemu kubwa ya uzito inashuka kwenye nyonga na miguu, ambayo ndiyo misuli yenye nguvu kuliko yote mwilini. Mikanda ya mabega inabaki na kazi ya kuliweka begi karibu na mgongo tu. Begi lisilo na mkanda huo, hata liwe jipya na la bei gani, si la safari hizi.

Sisi wenyewe tulilipia somo hili. Mwenzetu mmoja alifuatana na wafuatiliaji wa nyayo kwa siku mbili kurekodi kipindi, akiwa na begi la kuazima lenye mikanda miembamba kama ya pochi. Betri, kinasa sauti na maji havikuzidi kilo 14. Jioni ya kwanza vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, na kesho yake alishindwa kubonyeza kitufe kwa kidole gumba. Alidhani ameng'atwa na kitu usiku. Kumbe mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi hupita chini ya mfupa wa bega, na mkanda mwembamba wenye uzito huibana. Madaktari wa majeshi wanaujua ugonjwa huo kwa askari wanaobeba mashanta mazito. Mara nyingi hupona ukiupumzisha mkono, lakini wengine huchukua wiki au miezi. Kwa mtangazaji ni usumbufu. Kwa mtu aliye mbele ya nyati akiwa na bunduki ambayo kidole chake hakiihisi, ni jambo jingine kabisa.

Jambo la pili ni urefu wa mgongo, na hili halifuati urefu wa mtu. Kuna mrefu mwenye mgongo mfupi na miguu mirefu, na kinyume chake. Inamisha kichwa, mwenzako akupapase nyuma ya shingo mpaka apate kile kifundo cha mfupa kinachojitokeza zaidi. Achukue kamba, aishushe kwenye uti wa mgongo mpaka usawa wa ncha ya juu ya mifupa ya nyonga. Afunge fundo hapo. Kamba hiyo nenda nayo sokoni. Kwenye begi, pima kutoka mikanda ya mabega inaposhonewa hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Ikiachana na kamba yako kwa vidole viwili hivi, haidhuru. Ikiachana kwa kiganja kizima, liache, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kulikagua kwenye mitumba

Maoni yetu ni kwamba huna haja ya begi jipya lililoandikwa la kuwindia. Mengi ya hayo yanatengenezwa kwa wawindaji wa nchi za baridi na unalipia mifuko usiyoihitaji. Begi la mitumba la wapanda milima, lenye fremu au ubao mgumu mgongoni na mkanda wa kweli wa kiunoni, linafanya kazi ile ile. Moshi na Arusha, kwa sababu ya watalii wa mlima, hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini hata kwenye minada ya wilayani huwa yanapita.

Anza na kitambaa. Kwenye lebo au ndani ya mfuko tafuta namba yenye herufi D, ambayo ni kipimo cha unene wa nyuzi. 210D ni nyepesi, itachanwa na miiba. 420D inavumilia. 500D na kwenda juu ni ya pori la migunga. Kama hakuna namba, geuza begi ndani nje. Utando wa ndani ukiwa unanata kama gundi ya zamani au unabanduka vipande vyeupe, begi hilo limezeeka na mvua itapita. Kitambaa kilichopauka juu lakini chenye rangi nzuri chini kimekaa juani miaka mingi. Kivute kwa mikono miwili kwenye sehemu iliyopauka, na usimwonee haya muuzaji.

Kisha angalia mahali mikanda inaposhonewa, kwa sababu hapo ndipo mabegi hufia. Fundi viatu wa kijijini anaweza kushona upya kwa uzi wa nailoni na kuweka kipande cha mkanda wa gari kwa ndani, na kazi yake mara nyingi ni imara kuliko ya kiwandani. Klipu ya kiunoni nayo ifunge na kuifungua mara kumi. Ikiwa ina ufa, punguza bei na ununue nyingine, maana hiyo hubadilishika. Zipu isiyo na meno, hasa ya mfuko mkuu, usiihurumie. Kama ni nzima, ipake mshumaa kila mwezi. Sisi tunapendelea begi linalofungwa juu kwa kamba na kufunikwa kwa kifuniko. Halina cha kuharibika.

Jaribio la mwisho halifanyiki begi likiwa tupu. Muombe muuza unga wa jirani mfuko wa kilo 10, ongeza dumu la lita 5, vaa, kaza kiunoni kwanza kisha mabegani, zunguka soko kwa dakika 10. Panda ngazi kama zipo. Inama uokote kitu. Watu watacheka, kucheka hakuna gharama. Ukipitisha kidole kati ya mkanda na bega lako na kikapita kwa wepesi, mzigo umekaa nyongani. Kisha nyanyua mikono kama anayelenga: mkanda ukizuia kitako cha bunduki kukaa begani, tafuta begi lingine.

Rangi si pambo

Kuna rangi tatu za kuepuka, kila moja na sababu yake.

Ya kwanza ni bluu, na pamoja nayo nyeusi. Mbung'o, ambao wengine tunawaita ndorobo, huvutwa na rangi hizo. Ndiyo maana mitego yao inayotundikwa kwenye mapori hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Ukivaa begi la bluu katika mapori ya Tabora, Katavi au Kigoma, umebeba mtego bila sumu yake, na hao wadudu ndio wanaoeneza malale. Wanyama jamii ya swala nao huiona bluu vizuri kuliko wanavyoiona nyekundu. Kwa hiyo bluu inakuumiza mara mbili.

Ya pili ni mabaka mabaka ya kijeshi. Mabegi ya namna hiyo yamejaa kwenye mitumba na yanaonekana kama yametengenezwa kwa ajili ya porini. Usinunue. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Nchi jirani nazo ni wakali kwa jambo hilo. Ukikutana na doria ukiwa na bunduki, nyama na begi la mabaka, utaeleza mengi sana kabla hujasikilizwa.

Ya tatu ni nyeupe, ambayo huonekana mbali na huchafuka siku ya kwanza. Rangi zinazofaa ni kaki, kahawia, kijivu cha udongo na kijani kilichofifia kisicho na michoro. Lakini weka kitambaa chekundu ndani ya mfuko wa juu. Ukirudi na pembe au mguu wa mnyama juu ya begi, kifunge hapo. Swala nyekundu inampita, ila mwindaji mwingine aliye upande wa pili wa kichaka ataiona na kujua kwamba kile kinachotikisika ni mtu.

Kuhusu kelele tuseme kwa ufupi. Kwaruza kitambaa kwa ukucha. Kikilia kama karatasi, kila kichaka kitakitangaza. Turubai la pamba liko kimya lakini likilowa huwa zito na hukauka polepole. Vifuniko vya kunata, vile vinavyofunguka kwa mlio wa kuchanika, vibadilishe kwa vifungo. Sufuria ifungwe ndani ya blanketi.

Nyama ndani ya begi

Mnyama akianguka, joto la mwili wake ni karibu nyuzi 38 au 39, na paja nene hulitunza joto hilo kwa saa nyingi. Ukilitia begini likiwa moto na kufunga kifuniko, linaanza kuharibika kutoka kwenye mfupa, ambako huwezi kuona wala kunusa mpaka ufike nyumbani. Itundike nyama kivulini kwanza, ikatwe vipande, ipigwe na upepo mpaka igande juu na kukauka. Kisha ifungwe kwa kitambaa cha marikani kilichofuliwa, kinachopumua na kuzuia nzi. Kitambaa hicho kiingie ndani ya kiroba safi ili damu isifike kwenye begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni Mosi 2019, na hata kabla ya hapo ilikuwa adui wa nyama, kwa kuwa huitoa jasho.

Vitu vizito, nyama na maji, vikae karibu na mgongo usawa wa kati ya mabega na kiuno, si chini kabisa wala nyuma kwenye mfuko wa nje. Blanketi likae chini. Ukivuka mto, fungua klipu ya kiunoni kabla ya kuingia majini, ili ukiteleza uweze kuliachia begi. Fanya hivyo hivyo mnapokaribia nyati aliyejeruhiwa.

Mnyama uliyemkuta amekufa usimguse, seuze kumtia begini. Kimeta huua wanyamapori na huambukiza anayechuna.

Usiku usilaze kichwa juu ya begi lenye damu, hata kama ndilo mto pekee ulio nao. Fisi hafungui zipu, anavuta. Litundike mtini mbali na mnapolala. Mtini pia ni salama kwa sababu ya mchwa, ambao wanaweza kutoboa turubai lililolala chini usiku mmoja, na kwa sababu ya panya wanaopenda mikanda yenye chumvi ya jasho. Asubuhi likung'ute kabla ya kulivaa. Nge hupenda kukaa chini ya sponji ya mgongoni.

Karatasi, na begi la mwenzio

Mfuko mdogo wa juu ni wa karatasi: leseni ya kuwinda, kibali cha silaha, kitambulisho, vyote ndani ya bahasha isiyopitisha maji. Kwa sheria ya Tanzania ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa, na nyara si pembe na ngozi pekee. Kipande cha nyama iliyokaushwa nacho kimo. Ukinunua kwenye bucha la nyamapori lililosajiliwa, risiti ikae pamoja na nyama mpaka iishe.

Tunaliandika hili kwa ajili ya vijana wa bodaboda hasa, na wale wanaokodiwa kubeba kwa siku moja. Askari akifungua begi, humuuliza aliyelivaa. Kusema "nimepewa nipeleke tu" kumesikika mahakamani mara nyingi na mara nyingi hakujasaidia. Kabla ya kuweka begi la mtu mgongoni, mwambie alifungue mbele yako, utazame hadi chini. Akikataa, au akikuongezea pesa ili usitazame, umeshajua kilichomo.

Mwisho wa safari lioshe begi kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa. Sabuni ya kipande inatosha. Lianike kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje, na klipu zote zikiwa zimefunguliwa.